Nilivyokula Bure kwa Bwana Kofia

Makambako, Jumapili, baada ya ibada

Lusungu,

Huna akili. Naanza na hilo kabla ya salamu, maana nikianza na salamu utasema bibi hajambo, utaikunja barua uitie mfukoni usiimalize. Mama mkwe wako, mtu ambaye kwa desturi yetu mkikutana kwenye njia nyembamba unapaswa kuingia majanini apite, ametembea kwa miguu yake mpaka mjini, akasimama mlangoni pa wacheza karata akakuita, na wewe ukabaki umekaa. Kisha unaniandikia mimi kama kichekesho. "Niliona aibu kuinuka, Bibi, nilikuwa ndiyo kwanza nimeletewa sahani." Umeandika hivyo kwa wino, kwa mwandiko mzuri wa ile shule niliyokulimia viazi uisome. Mstari huo nimeusoma mpaka karatasi imelegea pale kwenye mkunjo.

Haya. Kamwene. Hujambo? Mkeo Eliza hajambo? Tumbo limeshuka au bado liko juu? Baba yako Yohana, kifua kinampa nafasi ya kulala na huu ukungu wenu wa Njombe? Mimi mzima. Magoti yanauma, meno yamebaki ya upande mmoja, lakini upande huo unatafuna vizuri. Maandazi bado nakaanga mwenyewe, madereva wananunua, hakuna aliyewahi kuyarudisha. Na barua hii naiandika mwenyewe, sijaazima mkono wa mtu. Herufi nilifundishwa kwenye darasa la ubatizo, basi, sikuendelea. Ukikuta neno limepinda, linyooshe kimya kimya, usije ukaniambia hukuelewa.

Umeniuliza jambo, nami nitakujibu, mimi si mtu wa kukwepa. Unasema baba yako alikusimulia kwamba masika mawili mazima mimi nilikaa kwenye meza ya karata hapa Makambako, nikicheza vidogo na kula vikubwa, na sikuwahi kutoka pale na njaa. Unasema hapo Njombe sasa kuna chumba kama kile nyuma ya duka, unaweka senti tu, unapewa chai na nyama na sigara, juzi umepewa blanketi, na mwenye duka amekwambia ukitaka unaweza kulala stoo. Unataka nikufundishe namna ya kupata zaidi. Unaniita "mke wangu mjanja." Mume wangu, mkeo huyu mjanja atakufundisha, kwa sababu najua, na hakuna mwanamume aliyekaa kwenye meza ile akajua kunizidi. Baadaye ndipo nitakwambia ambalo hukuuliza.

Ilikuwa kabla ya vile vita vya pili. Babu yako alikuwa amekwenda Tanga kwenye mkonge, kodi ya kichwa ilimpeleka, na mimi nilibaki kwao, Mahongole, na wifi yangu Tamari na watoto wangu wawili. Yohana alikuwa anachunga mbuzi. Tabita alikuwa wa miaka sita. Mimi kila siku nilikuja hapa Makambako kwenye hoteli ya mtu mmoja aliyetoka mbali, ng'ambo ya bahari, tulimwita Bwana Kofia kwa sababu hakuivua hata akila. Nilikuwa namenya viazi na kuosha sahani. Masika barabara ilikuwa haipitiki, malori ya Songea na ya Njombe yanazama hapa hapa, na madereva na matajiri wao wanakaa siku nne, siku tano, hawana la kufanya ila kutazama tope. Basi Bwana Kofia aliweka meza ndefu chumba cha nyuma wakacheza ishirini na moja. Unapewa karata mbili, unaongeza moja moja ukitaka, unatafuta ufike ishirini na moja au karibu yake. Ukizidi, umeungua. Mwenyewe ndiye aliyegawa.

Siku moja viti vilikuwa vitupu, meza imepoa, akaniita nikiwa na mikono yenye povu. Akaniambia, Mama, kaa hapo ujaze kiti, utapata chai. Wanaume wakacheka. Dereva mmoja wa Mlangali, mtu mrefu mwenye maneno mengi, akauliza kama sasa tutacheza na sufuria nazo. Nikakaa. Nilikuwa nimeosha sahani miguuni pao mwezi mzima, nadhani waliona naosha tu. Nilikuwa natazama.

Sikiliza basi. Usiende chumba kikiwa kimejaa. Kikijaa wewe ni nzi. Nenda mchana, wakati kuna watu wawili watatu na mwenye nyumba anaona viti vinamtazama. Saa hiyo hata mtu wa senti moja ni mgeni wa heshima. Kaa kiti cha mwisho, zamu ichelewe kufika kwako. Ikifika, fikiri. Nilikuwa nashika karata zangu kama mtu anayesoma barua ya msiba. Yule wa Mlangali alikuwa akisema, "Mwacheni Mama, anahesabu ndevu za mfalme." Nami nilizihesabu, maana kila dakika niliyofikiri senti yangu ilikuwa bado mezani na chai yangu bado ya moto. Weka kiasi kidogo kabisa kinachokubaliwa, na kikombe kikiletwa usiongeze. Hapo ndipo wanaume wote walipozama. Mtu akiletewa nyama anajiona mkubwa, anaweka kikubwa ili afanane na sahani yake, na kumbe sahani hiyo ameinunua mara tano. Ukiwa na kumi na saba, tulia. Ukiwa na kumi na tatu, kumi na nne, mtazame anayegawa amefunua nini; akiwa na nne au tano au sita, nyamaza, mwache aongeze aungue mwenyewe. Ree, ile karata yenye alama moja tu, inahesabiwa moja au kumi na moja, kwa hiyo ukiipata usiwe na haraka, inakupa njia mbili. Mwenye nyumba mwamkie kabla hajakuamkia. Muulize habari ya mguu wake unaomuuma. Na usiombe kitu kamwe. Anayeomba sigara hupewa sigara moja; asiyeomba hupewa pakiti siku asiyoitazamia. Ukipewa usivute, kabadilishe na chumvi.

Nilikuwa narudi Mahongole na kipande cha sabuni, na sukari iliyofungwa kwenye karatasi, na siku nyingine mkate. Tabita alikuwa ananisubiri juu ya kichuguu kando ya njia. Hakuniamkia kwanza, alitazama mikono yangu. Nilimkemea kwa hilo. Nilikuwa mkali kwa watoto kama ninavyokuwa mkali kwako, ila moyoni nilikuwa nikitembea kama mke wa jumbe, kwamba wanaume wanaacha mishahara yao pale na mimi mwosha sahani naondoka na sukari.

Hayo ndiyo uliyouliza. Umeridhika? Sasa kaa chini.

Wewe umezaliwa kwetu, unajua. Mtu akila kwa mtu hanyanyuki akaenda zake kama mbwa. Anaomba ruhusa. Mwenye nyumba anamwambia haya, anainuka, anamtoa mpaka barazani, akimpenda anamsindikiza hadi njia panda. Ukiondoka kimya na chakula kimo tumboni umemtukana, umesema amekulisha sumu. Hayo tulinyonya nayo. Mimi nilikaa kwenye meza ya Bwana Kofia masika mawili na sikuwahi kuinuka bila kuomba ruhusa, na siku zote alisema haya Mama, nami nikaona ananijua na mimi namjua. Sikuwahi kujiuliza kama kwao desturi hiyo ipo. Sikujua kwamba kwake ile chai ilikuwa kama taa ya mlangoni, inawashwa watu waingie, basi. Nilidhani nimekaribishwa.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imepiga siku nne. Tabita alikuwa na kikohozi tangu Jumapili. Asubuhi nilimpaka mafuta ya kondoo kifuani, nikamfunika, nikamwambia nitarudi na sukari. Alikuwa anaongea vizuri. Aliniambia nisiitupe ile karatasi yake, maana alipenda kuilamba. Nikaenda. Niliosha sahani, nikakaa kiti changu, nikanywa chai yangu. Chumba kilikuwa na moshi na harufu ya makoti mabichi.

Tamari akaja, amelowa mwili mzima kwa mvua. Akaniambia mtoto anahema vibaya, anakuita. Niliinuka, Lusungu. Nataka ujue kwamba niliinuka. Nikafanya kama nilivyolelewa, nikakutanisha mikono, nikasema, Bwana, nimekula, naomba ruhusa, mwanangu anaumwa. Tajiri mmoja wa mbao alikuwa anamgombeza Bwana Kofia kwa habari ya karata iliyodondoka, meza yote inapiga kelele, na yeye bila kuinua macho akaniambia, "Ngoja kidogo, Mama." Hapo hapo mpishi akaniwekea kikombe kingine. Nikamwambia Tamari atangulie, niko nyuma yake.

Nikainywa ile chai mpaka ulimi ukababuka, niimalize, niwe huru. Nikaweka kikombe chini niombe tena. Na kabla sijafungua mdomo Bwana Kofia, amekwisha kupatana na yule tajiri na amefurahi, akachukua sahani ya mbavu za kondoo kutoka kwa mpishi kwa mkono wake mwenyewe akaileta kwangu, akasema leo Mama ndiye wa kwanza. Hakuna aliyewahi kupewa wa kwanza ila matajiri. Wakapiga meza. Yule wa Mlangali akavua kofia yake akaniinamia kama naolewa. Na mimi, Mungu wangu anajua kwa hiyo wewe nawe ujue, nilifurahi. Mtoto wangu anahema vibaya Mahongole na mimi nilifurahi.

Tamari akarudi. Safari hii hakuingia. Alisimama mlangoni maji yanamtiririka, akasema, "Wifi." Nami nikamwonyesha sahani. Kwa kidole, hivi, kama mtu anayesema unaona mwenyewe nimeshikwa. Akaitazama sahani, akanitazama mimi, akageuka.

Nilipokwisha kula nikaomba tena, Bwana Kofia akasema nenda, nenda. Nikasimama pale kizingitini nikimngoja ainuke anitoe, maana ndivyo inavyotakiwa. Yeye akaendelea kugawa karata. Nikangoja. Mtu mmoja akaanza kucheka, ndipo nikaona kwamba hakuna atakayenitoa, nikakimbia.

Nilifika jua bado lipo nyuma ya mawingu. Wanawake walikuwa wameketi chini, miguu wameinyoosha. Tabita alikuwa ameshaoshwa. Tamari alikuwa amemfunga kidevu kwa kitambaa chake cha kichwani. Na mimi kwenye kitambaa changu nilikuwa na ubavu mmoja wa kondoo niliomwekea.

Watu wakauliza mama yake alikuwa wapi. Tamari akawajibu kabla yangu. Akasema mto umejaa, wifi alizuiwa na mto. Wakasema pole, mto ule mbaya. Baba yako Yohana alikuwa amekaa amemshika dada yake mguu, naye akasikia hivyo, na mpaka leo ni mtu mzima mwenye mvi anaamini hivyo. Mto haukujaa. Maji yalikuwa hayafiki magotini. Mimi na Tamari hatujawahi kulisema hata mara moja, hata tukiwa wawili tu shambani, na nadhani ndiyo maana alipohamia kwenu Mjimwema, hapo Njombe, hakunisihi niende naye.

Matanga yalipokwisha nilikwenda kwa Bwana Kofia na hasira ya kuvunja vyombo. Nikamwambia ulinizuia. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaivua ile kofia, kichwa chake chote kipara, nikamwona mzee mara moja. Akasema, "Mama, mlango ulikuwa wazi. Mimi nilidhani unapenda kukaa."

Hakuwa anadanganya. Machozi yalikuwepo machoni pake. Akaingia stoo akanitolea blanketi, la sufu, jipya. Nami nikalichukua. Ndiyo, nililichukua, ulikuwa umeingia mwezi wa baridi na baba yako mgongo wake ulikuwa mtupu. Ndilo lile la kahawia alilokuwa akikufunika wewe ulipokuwa mdogo. Mimi sijawahi kulala chini yake.

Mnaniuliza kila mwaka kwa nini sihamii kwenu. Baba yako amejenga, chumba changu kipo, dirisha linatazama miti ya miwati, nimesikia. Mnadhani ni kiburi. Kiburi ninacho, lakini si hicho. Sikilizeni.

Anakuja. Bwana Kofia alikwisha kwenda zake miaka mingi iliyopita, chumba kile sasa ni ghala la viazi, na mimi nimekodi baraza lake, ndipo ninapokaangia. Mchana wa mvua, saa ile ya chai, anakuja Tabita anakaa. Hajakua hata kidogo. Nywele zimelowa. Anakaa mwisho wa benchi, mikono juu ya mapaja, kama nilivyomfundisha mtoto mwenye adabu akae kwa watu. Haongei. Hanililii wala hanilaumu, ningependa anilaumu. Ananitazama kama mgeni aliyekwisha kula anavyomtazama mwenye nyumba. Nikimwambia Mchungaji, anasema ni mawazo ya mama. Nikamuuliza mawazo gani yanaacha tope kwenye benchi nililofuta asubuhi. Akafungua Zaburi akasoma. Alisoma vizuri, ila tope nililifuta mimi.

Mwanzo nilimwogopa. Siku hizi namwekea kikombe. Mvua ikikatika muda mrefu namtafuta kwa macho, naona kiangazi hakiishi. Nimekaa hapa Makambako kwa ajili hiyo.

Sasa barua yako imekuja, nimeisoma pale barazani, na yeye amekaa mwisho wa benchi. Nikafika kwenye sahani yako. Nikafika kwenye mama mkwe mlangoni. Nikainua uso nikamwona ananitazama vile vile, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hii nikaelewa anachongoja. Anangoja ruhusa. Siku ile hakupata mtu wa kumtoa. Mama yake ndiye mwenye kumtoa na mama yake alikuwa anakula. Na tangu hapo kila akija namwekea kikombe kingine. Anataka kwenda, na mimi namwambia ngoja kidogo, kwa chai. Mimi, Lusungu. Nimemfanyia mwanangu lile lile, miaka yote hii, kwa sababu nikisema neno ataondoka kweli na nitabaki na maandazi.

Nimekaa na jambo hili siku mbili, sikukaanga kitu, madereva wamelala njaa. Nimekata shauri hivi. Eliza anazaa mwezi huu. Ni uzazi wa kwanza, mama yake peke yake hatoshi, Tamari mikono inatetemeka, na wewe si mtu. Nitakuja. Lakini siwezi kuingia nyumba ya mzazi na mtoto mfu nyuma yangu, na wakikutana mlango mmoja, yeye na mchanga anayezaliwa, nani atajua yupi aingie yupi atoke. Kwa hiyo kesho asubuhi nakwenda Mahongole kaburini. Sibebi chai. Nitamwambia Tabita haya mwanangu, umekaa vya kutosha, na nitatembea naye kutoka pale kaburini mpaka kwenye njia panda, mguu kwa mguu, kisha nitageuka na sitatazama nyuma. Sijui kama nitaweza. Nimekwambia ili nishindwe kurudi nyuma.

Na wewe hali yako ni hiyo hiyo, ila wako bado anahema. Unasema hujapoteza kitu, unacheza senti tu. Mimi nami sikupoteza senti. Misimu yote miwili niliishinda meza ile, uliza mtu yeyote. Mwenye duka wa hapo Njombe si mbaya, simjui, pengine ni mtu mwema kama huyu wangu alivyokuwa. Hajui kwamba umefungwa. Ungemwambia angeshangaa. Anakupa blanketi ukae, na wewe mtoto wa watu wenye adabu unakaa, unaona ukiinuka umemtukana. Mtukane. Safari hii mtukane.

Nisalimie baba yako Yohana, mwanangu, na umsomee barua hii yote, usiruke pale kwenye mto. Akikasirika mwache akasirike. Nikifika atanitazama au hatanitazama. Nisalimie mama yako, mwambie mbegu za maharage alizonituma zimeota zote. Nisalimie shangazi yako mdogo anayefuma vikapu, na mumewe fundi wa mapipa. Nisalimie sana wifi yangu Tamari. Mwambie hivi kwa sauti, masikio yake hayasikii vizuri: wifi yako amesema kweli kuhusu mto, sasa unaweza kuutua. Na Eliza mwambie asinyanyue ndoo, na alalie ubavu wa kushoto.

Barua nampa dereva wa lori la mbao, itakufikia kesho kutwa. Mimi napanda lori linalofuata, Alhamisi.

Ni mimi bibi yako niliyemzaa baba yako, ninayekupenda na kukasirika kwa pamoja,
Marita

Ukimaliza kusoma, inuka hapo ulipo. Usimngoje mwenye duka anyamaze, usimngoje akutazame. Weka blanketi lake mezani, sema nimeshiba, ondoka. Pita dukani ununue jembe jipya, shika na jogoo, umpe mshenga wako ampelekee mama mkwe kwa heshima zote, aseme mkwe amekosa na anajua alipokosa. Wewe usiende, usimwongezee aibu. Wewe nenda nyumbani kwa Eliza, chota maji, pasua kuni za siku kumi, kisha kaa karibu naye pale unapoweza kusikia akikuita, na usitoke hapo mpaka nifike.